Somo: Ukikutana na mnyama wa porini bustanini kwako

Leo tuache kidogo habari za mboji na wadudu wa mboga. Maswali mengi yanayoletwa hapa mvua zikianza ni ya wageni wasioalikwa: nyoka chini ya matandazo, kundi la nyuki kwenye tawi, popo aliyelala kwenye nyasi, kenge anayezungukazunguka banda la kuku. Wengi huuliza "nimuueje?" Mimi huanza na swali jingine: atapita wapi kuondoka? Karibu kila mnyama anayeingia bustanini akikuona anatamani kuondoka. Anayeuma ni yule aliyebanwa kwenye kona, aliyekanyagwa, au aliyeshikwa na mtu aliyedhani amekufa.

Hatua ya 1: Simama, kisha rudi nyuma polepole

Usikimbie ovyo, usirushe kitu, usichokoze kwa ufagio. Simama, mtazame yuko wapi na kichwa kimeelekea wapi, kisha rudi kinyumenyume. Nyoka wengi wanapogonga hufikia umbali usiozidi nusu ya urefu wao, lakini wapo wanaotema sumu, nao hulenga macho na mate yao hufika mita 2 au zaidi. Kaa mita 5 na kuendelea, hapo utakuwa na nafasi ya kufikiri.

Nyuki ndio pekee ninaosema uwakimbie, tena kwa kasi, wakishaanza kukuuma. Funika uso kwa nguo, nenda moja kwa moja ndani ya nyumba au gari, ufunge mlango. Usiwapigepige kwa mikono. Nyuki anapouma huacha harufu inayowaita wenzake, na ukibaki pale unazidi kuwaita. Kujitosa kwenye maji si suluhisho, maana wanaweza kukungoja utoe kichwa. Ukishakuwa salama, toa miiba yote haraka uwezavyo. Kama ni kwa kucha au kwa kukwangua, si hoja. Kinachohesabika ni kuwahi.

Hatua ya 2: Toa watoto na mbwa

Hii hufanywa kabla ya kupiga picha, ingawa naona wengi wanaanza na simu. Mbwa ndiye anayegeuza tukio dogo kuwa kubwa: anabweka, anamzuia mnyama njia, mwishowe anaumwa yeye au anakuumiza wewe unayekwenda kumvuta. Mfungie ndani. Paka vilevile.

Hatua ya 3: Mtambue kwa mbali

Sasa simu ina kazi. Vuta picha ukiwa ulipo, usisogee. Mtu mzima mmoja abaki akimwangalia kwa mbali, kwa sababu nyoka aliyepotea machoni anasumbua kuliko nyoka anayeonekana.

Hapa nataka kufuta mambo mawili yanayosambazwa sana. La kwanza, eti nyoka mwenye sumu hujulikana kwa mboni ya jicho iliyosimama kama mstari. Si kweli. Kobra na koboko wana mboni za mviringo na wanaua. Chatu ana mboni iliyosimama na hana sumu. La pili, eti kichwa cha pembetatu ni dalili ya sumu. Nyoka wengi wasio na sumu hutanua kichwa wakitishwa ili waonekane hatari. Nyoka mla mayai ni bingwa wa mchezo huo: anajikunja, anasugua magamba hadi yanatoa sauti kama ya kifutu, na wala hana meno ya kukuumiza. Kwa hiyo kama humjui kwa hakika, mchukulie kuwa ana sumu. Na hata ukidhani unamjua, usimshike.

Hatua ya 4: Mwachie njia

Fungua geti au mlango ulio karibu naye, kisha wewe uwe upande wa pili. Watu husahau hilo la pili: wanafungua mlango halafu wanasimama mlangoni kuangalia! Mnyama akiwa kwenye stoo, acha mlango mmoja wazi kabisa, zima taa, ondoka. Ndege aliyenaswa ndani, funga mapazia yote ubakishe dirisha moja lililo wazi, naye atafuata mwanga. Kalunguyeye au mjusi aliyetumbukia kwenye shimo au bwawa dogo, mwekee ubao wenye mkwaruzo ukiinama hadi ukingoni, atapanda mwenyewe.

Mpe muda. Wengi wataondoka wenyewe kukiwa kimya.

Hatua ya 5: Jua wakati wa kuita msaada

Nyoka ndani ya nyumba, nyuki ndani ya ukuta au dari, mnyama aliyejeruhiwa, mnyama mkubwa, au mnyama wa usiku anayezurura mchana akiyumbayumba bila woga: hao si wako. Tafuta namba ya idara ya wanyamapori, zimamoto au mshikaji nyoka wa eneo lako leo hii, uihifadhi kwenye simu. Nyoka akiwa chumbani, toka, funga mlango, ziba uwazi wa chini kwa taulo, ndipo upige.

Hatua ya 6: Ondoa kilichomleta

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na ndipo wengi huishia njiani. Mnyama hakuja kukutembelea wewe. Amefuata chakula, maji, joto au maficho. Nyoka hufuata panya na vyura, panya hufuata chakula cha kuku kilichomwagika na mabaki ya jikoni yaliyotupwa juu ya mboji bila kufunikwa. Vyura hufuata wadudu, na wadudu hufuata taa ya nje iliyowashwa usiku kucha. Ukimuua nyoka mmoja na panya ukawaacha, mwingine atakuja.

Kwa hiyo: chakula cha kuku na cha mbwa kiingie kwenye pipa lenye mfuniko kila jioni. Mabaki ya jikoni yafukiwe katikati ya lundo la mboji. Kuni, mabati na matofali viinuliwe juu ya ardhi kiasi cha kuona chini yake, na viwe mbali na ukuta wa nyumba. Nyasi ziwe fupi kwenye njia mnazopita kila siku. Kona ya mbali unaweza kuiacha na majani yake, wachavushaji watakushukuru. Matunda yaliyoanguka yaokotwe. Uwazi chini ya milango uzibwe. Nyavu za kufunikia mboga ziwe zimekazwa vizuri, zisilale chini zikiwa zimelegea, kwani nyoka na kalunguyeye hunaswa humo na kufa polepole, na kumnasua nyoka aliyekasirika ni kazi usiyoitaka.

Zaidi ya hapo ni mazoea ya mikono na miguu. Vaa buti na glavu ngumu unapofanya kazi kwenye majani mazito. Geuza gogo au jiwe kwa fimbo ndefu au reki, ukilivuta kuelekea kwako ili uwazi uwe upande wa pili. Usiku tembea na tochi. Viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Akiuma nyoka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliiweka hali hiyo kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Wengi wa wanaoumwa ni watu wa jembe kama sisi.

Mtoe mgonjwa pale, mtulize, asitembee ikiwezekana. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe gango kisicheze, kisha hospitali kwa njia ya haraka kuliko zote. Usifunge kamba ya kukaza, usichanje, usinyonye, usiweke barafu, usimpe pombe. Usipoteze muda kumsaka nyoka; picha ya mbali au maelezo ya rangi na umbo yanatosha. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi bila kufikicha, kisha nenda hospitali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu shikamoo. Jirani ameniambia nimwage mafuta ya taa na chumvi kuzunguka nyumba, nyoka hawatavuka. Kuna ukweli?

Marahaba. Hapana. Nyoka huvuka, na wewe unabaki na udongo ulioharibika. Hata vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini vimejaribiwa kwa nyoka na havikuwazuia, tena ni sumu kwa mtoto atakayeviokota. Hiyo hela na nguvu peleka kwenye panya na nyasi.

Kaka, kwa heshima zote, somo lako ni zuri kwa mtu asiye na watoto. Kwangu nyoka ni panga tu.

Nakuelewa ndugu yangu, na sitakuhukumu kwa nyoka aliye hatua moja kutoka kwa mtoto usiyeweza kumfikia. Lakini mtoto akishatolewa, panga linakuongezea hatari. Ili umkate lazima uingie ndani ya umbali wake wa kugonga, na watu wengi huumwa wakati huohuo wa kumuua. Tena kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma na kutia sumu hata baada ya muda mrefu. Ukishamuua, usiguse kichwa kwa mkono, na mtoto asikisogelee. Kisha rudi Hatua ya 6, maana panya bado wapo.

Kinda la ndege limeanguka kwenye kitalu changu na nimeshalishika. Mama yake atalikataa?

Hatalikataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Tazama manyoya. Kama ngozi bado iko wazi, lirudishe kwenye kiota ukikiona. Kama lina manyoya na linarukaruka, linajifunza kuruka, na wazazi wako karibu wakililetea chakula. Liweke juu ya kichaka kilicho karibu, ufungie paka, uondoke. Ukisimama pale kulilinda, mama hatakuja.

Dada mwenzenu hapa. Asubuhi mwanangu ameokota popo chini ya mti. Hakuna jeraha ninaloliona. Nimpake spiriti tu?

Dada, usingoje kumaliza kusoma. Muoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali leo na uwaeleze kuwa ameshika popo. Meno ya popo ni madogo sana, jeraha linaweza lisionekane. Popo anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hauna tiba, lakini chanjo ikiwahi inamkinga. Popo mwenyewe mfunike kwa ndoo bila kumgusa, na idara ya wanyama ikaarifiwe. Wengine wote: popo mzima haokoteki kirahisi. Aliyelala chini mchana kuna kasoro.

Nyuki wamejikusanya kwenye tawi la mwembe, wanafika ukubwa wa ndoo. Shemeji anataka kuwachoma usiku.

Mzuie shemeji, atachoma mwembe na yeye mwenyewe. Hilo ni kundi lililotoka kwenye mzinga wa zamani, linapumzika huku wapelelezi wakitafuta makazi. Mara nyingi huondoka ndani ya saa chache hadi siku mbili hivi. Hawana watoto wala asali ya kulinda, kwa hiyo huwa wapole kuliko nyuki wa mzinga, ilimradi msiwasogelee, msiwapulizie dawa wala kuwasha mashine ya kukatia nyasi karibu. Mwite mfugaji nyuki. Wengi watafurahi kulichukua. Wakiingia ukutani au darini ni habari nyingine, usingoje siku hata moja.

Kuna bundi anaishi juu ya stoo. Anatema vidonge vya nywele na mifupa. Ni ugonjwa?

Ni mzima kabisa. Humeza panya mzimamzima, kisha hutapika kile kisichosagika. Hesabu mafuvu madogo ndani ya vidonge hivyo utajua anakusaidia kiasi gani. Ila acha kutega sumu ya panya: panya aliyekula sumu akiliwa na bundi, bundi naye hudhurika.

Je, nungunungu hurusha miiba? Amekula mihogo yangu nusu na naogopa kumfukuza.

Harushi. Hurudi kinyumenyume na kukuchoma, na miiba hung'oka kirahisi ikabaki mwilini mwako, ndiyo maana watu hudhani imerushwa. Usimfukuze kwa mbwa, utamlilia mbwa. Yeye ni mchimbaji, kwa hiyo uzio wa waya ufukiwe chini ya ardhi. Ukiishia juu atapita chini yake.

Mbwa wangu alimng'ata chura mkubwa wa bustanini, sasa anatoa mapovu mdomoni.

Chura wa aina hiyo ana tezi za sumu nyuma ya macho. Mfungulie mpira wa maji pembeni mwa mdomo, pua ikiwa imeinama chini ili asimeze wala maji yasiingie kwenye mapafu. Futa fizi na ulimi kwa kitambaa kibichi, suuza tena kwa dakika kadhaa. Akianza kutetemeka, kuyumba au kuhema kwa shida, na hata usipokuwa na uhakika, mpigie daktari wa mifugo huku unaendelea kusuuza.