Boga ndani ya chapati ya shule

Mwanangu wa darasa la pili hutoa kila kipande cha mboga kwenye sahani kama anayechambua mawe kwenye mchele, kwa hiyo boga la bustanini sasa nalikandia unga. Pika vipande kwa mvuke, usivitose kwenye maji, viponde vikiwa bado moto mpaka nyuzi ziishe, kisha acha vipoe. Kikombe 1 cha boga kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, chumvi, na kijiko cha mafuta. Kanda bila maji kwanza. Unyevu wa boga mara nyingi hutosha, ukiona donge bado linapasuka ndipo unyunyize kidogo kidogo. Funika nusu saa, kisha sukuma na uchome kama kawaida. Chapati inatoka ya manjano, mtoto anadhani umetia yai, na kwa kuwa boga hushika maji, saa sita mchana bado inakunjika bila kukatika. Zile za unga mtupu kwangu zilikuwa zinafika mchana kama ngozi ya kiatu.

Inapogoma: boga changa lina majimaji, donge linanata mikononi, na ukizidisha unga kuliokoa, chapati inakuwa ngumu. Chagua lililokomaa, lenye ganda gumu. Usizifunge kwenye kontena zikiwa moto pia, jasho litazilowesha. Mchicha nao nilijaribu. Kijani kilionekana tangu mlangoni, kontena likarudi limejaa.