Kupanga bei ya maji na majitaka kwenye mifumo kadhaa
Kabla hujagusa bei, tenganisha vitabu vya hesabu: kila mfumo na gharama zake, maji mbali, majitaka mbali. Umeme wa pampu ndio mlafi. Mfumo wa kusukuma maji mlimani haulingani na wa mserereko, ambao maji hushuka yenyewe. Mishahara ya ofisi igawe kati ya mifumo kwa idadi ya wateja wa kila mmoja.

Kisha gawa gharama kwa uniti (mita za ujazo) za maji zilizouzwa, si zilizozalishwa. Mwaka wangu wa kwanza niligawa kwa 10,000 zilizotoka kisimani, kumbe zilizolipiwa ni 7,000. Jasho lilinitoka.

Mwenye bustani usimtoze majitaka kwa maji yote yaliyopita kwenye mita yake. Maji ya kumwagilia hayaingii kwenye bomba la majitaka. Mimi humtoza majitaka kwa usomaji wa mita wa miezi ya mvua, wakati hamwagilii. Ukitaka bei moja kwa mifumo yote, waambie wateja waziwazi nani anambebea nani gharama, na upandishe kwa awamu.