Mafumbo ya kuzidisha sehemu: jiulize "ya nini?"

Jamani kwenye haya maswali ya mafumbo ya sehemu, kabla hujazidisha chochote jiulize hiyo robo au theluthi ni ya nini, ya kitu kizima au ya kilichobaki, maana hapo ndo wengi wanapigwa. Mfano tanki lina lita 60, theluthi mbili zimetumika, halafu robo tatu ya maji yaliyobaki yakamwagika, yamemwagika lita ngapi? Mtu anakimbilia 3/4 × 60 anapata 45, wakati 40 zishatumika, sasa hizo 85 zimetoka tanki gani 😅 Iliyobaki ni 1/3, so ni 3/4 × 1/3, zile 3 za juu na chini zinakatana unabaki na 1/4 ya tanki, yani lita 15. Kata kabla ya kuzidisha, namba zinakuwa ndogo na kichwa hakiumi. Ukikwama chora mstatili, gawa vipande vitatu, kile kimoja kilichobaki kigawe tena vinne, utaona kabisa. Na ukizidisha kwa sehemu iliyo chini ya 1 jibu lazima lipungue, likiongezeka rudi kasome swali upya.