Lavenda: panda kipandikizi, achana na mbegu

Mbegu za lavenda huota polepole na miche hutoka tofautitofauti. Kipandikizi, yaani kipande cha tawi kinachochomekwa udongoni kitoe mizizi, ni njia ya mkato, nacho hutoa mmea uleule kama mmea mama.

Chagua tawi changa lisilo na ua wala tumba la ua, lenye urefu wa sentimita 8 hadi 10. Kata kwa kisu kikali chini kidogo ya kifundo (pale majani yanapoota kwenye tawi), kisha ondoa majani ya nusu ya chini. Changanya mchanga safi wa mtoni na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Samadi usiweke kabisa. Chomeka kando ya ukingo wa chungu, maana hapo hukauka haraka kuliko katikati.

Vipandikizi vingi hufa kwa kuoza, si kwa kiu. Majani yana vinyweleo vinavyoshika unyevu, hivyo ukifunika kwa mfuko wa plastiki uliobana, ukungu huingia ndani ya siku chache. Weka penye mwanga bila jua kali, na umwagilie pale tu mchanga wa juu unapokauka. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 6. Vuta taratibu, kikigoma kimeshika.

Pwani kuna joto la unyevu, kwa hiyo tafuta lavenda yenye majani ya menomeno, inavumilia zaidi. Na unapopogoa mmea mkubwa, usikate hadi kwenye shina la zamani lililokuwa gumu kama mti, lisilo na majani: hapo mara nyingi hauchipui tena.