Balbu za LED kwenye Fuso: angalia volti, kisha lenga taa

Kabla hujalipia balbu, soma volti. Fuso na malori mengi ya Kijapani yana umeme wa volti 24, na balbu ya LED ya volti 12 tupu haikai humo. Chukua iliyoandikwa 9–32V.

Kama taa za mbele ni za H4 (balbu moja yenye mwanga wa chini na wa juu), vipande vya LED vitazame kulia na kushoto, si juu na chini. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: taa inawaka nyeupe pee, mwenye gari anafurahi, kumbe dimu (mwanga wa chini) imetawanyika na anayekuja mbele haoni kitu. Zungusha kola ya balbu (pete inayoishikilia kwenye taa) mpaka uone ukutani mstari mkali kati ya mwanga na giza. Mstari huo ukikosekana kabisa, refleta hiyo (kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga) haipatani na balbu hiyo. Rudisha balbu ya zamani ya halojeni tu.

Kulenga kunataka ardhi tambarare, upepo wa tairi uwe sawa, na lori liwe mita 5 kutoka ukutani. Bandika tepu ukutani, usawa wa katikati ya taa, washa dimu, kisha zungusha skrubu za kurekebishia hadi mstari ushuke sentimita 5 hadi 7 chini ya tepu. Sisi tunaoendesha kushoto, sehemu ya mwanga inayopanda iwe kushoto. Lori liwe na mzigo wake wa kawaida, maana nyuma ikikaa, pua inainuka na taa zinapanda nayo.

Na ile raba ya kuzuia vumbi nyuma ya taa irudishe, ila isibane feni ya balbu.