Siti ya baiskeli ikae wapi? Somo kwa waendeshaji wa Tanga

Simama mtaa wowote wa Ngamiani asubuhi uhesabu baiskeli. Atapita muuza mkate, mwanafunzi, mzee wa kanzu, na mchuuzi anayetoka Deep Sea na tenga la samaki nyuma. Sasa angalia siti zao: zote zimekaa vilevile, kama zilivyofungwa dukani. Kazi mbalimbali, miili mbalimbali, siti pale pale. Halafu magoti yakiuma tunalaumu umri.

Ukimwambia fundi "nipangie siti", mara nyingi atakupandishia au kukushushia, basi, umemalizana naye. Lakini siti ina mienendo mitatu: juu na chini, mbele na nyuma, na pua kuinama au kuinuka. Huo wa pili ndio unaomtenganisha mbeba mizigo na mtu wa mbio, na ndio hauguswi. Kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tafuta tepu ya kupimia, spana inayoingia kwenye nati za siti, kitabu chenye jalada gumu, na uzi uliofungwa nati nzito mwishoni. Huo uzi ndio timazi yako. Tafuta na mtu wa kukushikia baiskeli, usijipime peke yako.

Hatua ya 1: Urefu

Vua viatu, uegemee ukuta. Pitisha kitabu katikati ya mapaja, ukipandishe mpaka kikubane sawasawa na unavyobanwa na siti. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, kisha zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile mikono miwili ya chuma inayobeba pedeli) hadi juu ya siti, ukilifuata bomba la siti. Mwenye sentimita 80 atapata 70.6. Hesabu hii ilienea miaka ya 1980 kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyetwaa Tour de France mara tatu, na kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard.

Hao walikuwa watu wa viatu vinavyonasa kwenye pedeli. Wewe wa kandambili hakiki hivi: panda, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulalia upande. Ukirudisha pedeli kwenye mzizi wa kidole gumba, goti libaki limekunjika kidogo, pembe ya nyuzi 25 hadi 35. Mwambie mwenzako atazame kiuno chako kwa nyuma ukizungusha. Kikiyumba kama cha mcheza ngoma, shusha siti.

Nguzo ya siti ina alama ya mwisho wa kuchomoa. Alama hiyo ikionekana nje, nguzo imeshika padogo mno, itapinda au itapasua fremu. Kama bado siti iko chini, baiskeli ni ndogo kwako au unahitaji nguzo ndefu zaidi.

Abiria na mizigo ni habari nyingine. Anayebeba hivyo na kusimama njiani kila mara ashushe sentimita mbili tatu ili vidole viguse chini. Atapoteza nguvu kidogo, lakini hataanguka na tenga katikati ya barabara.

Hatua ya 2: Mbele na nyuma

Kaa kwenye siti, krenki zilale sambamba na ardhi. Ning'iniza timazi kutoka kwenye kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti, mguu wa mbele. Uzi ukipita kwenye ekseli ya pedeli, hapo ndipo pa kuanzia.

Nasema pa kuanzia, kwa sababu wapo mafundi wanaoshika kipimo hiki kama sheria. Keith Bontrager, mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani, alikwisha kuandika kukipinga, nami niko upande wake. Zipo baiskeli za kuendeshwa umelala chali, goti liko nyuma kabisa ya pedeli, na zinakwenda vizuri. Kinachoamua ni uzito wa mwili umeangukia wapi: makalioni, miguuni au mikononi.

Jaribio lake ni hili. Nenda barabara tupu na tambarare, kule Raskazone jioni panafaa, piga pedeli kwa nguvu zako za kawaida. Bila kunyanyua kifua, legeza mikono ielee tu juu ya usukani. Ukivutwa mbele kama unataka kuubusu usukani, siti iko mbele mno kwa mkao wako. Irudishe nyuma nusu sentimita, rudia.

Mwenye baiskeli ya kazi kama Phoenix, anayekaa wima, hana shida kubwa. Bomba lake la siti limelala sana, kama nyuzi 67 au 68 kutoka ardhini, kwa hiyo makalio yako nyuma na mikono haina kazi. Mwache alivyo.

Wa mbio, au anayekwenda Muheza na kurudi, anainama. Fremu yake ina bomba la kama nyuzi 73. Kadiri kifua kinavyoshuka, makalio yanapaswa kwenda nyuma ili kukisawazisha, kwa hiyo wengi wao hurudisha siti. Isipokuwa wale wanaolaza viwiko juu ya usukani, wa triatloni (mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia): usukani wenyewe unawabeba, hivyo siti yao husogea mbele sana, na fremu zao zina nyuzi 76 hadi 78.

Anayepanda milima ya Amani asiipange siti kwa ajili ya mlima peke yake. Mlimani baiskeli nzima imeelekea nyuma. Sogea ukalie pua ya siti, inatosha. Kushuka ndiko kunakotaka siti iteremshwe, hasa kwenye njia ya mawe.

Wenye Phoenix wengi hawajui kwamba kibano cha siti kinageuzwa. Kitazame kwa ubavu: boliti inayobana reli za siti haiko juu ya nguzo, iko mbele yake au nyuma yake. Legeza, chomoa siti pamoja na kibano, kigeuze, rudisha. Siti itasogea sentimita kadhaa bila kununua chochote.

Ukirudisha siti nyuma sentimita moja, umeirefusha pia. Ishushe kama milimita 3. Kwa Phoenix, kwa kuwa bomba limelala, milimita 4.

Hatua ya 3: Pua

Ilale sawa. Ikikubana, iinamishe kidogo sana. Ikiinama mno utateleza mbele, viganja vitakufa ganzi.

Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, na kabla ya kulegeza nati yoyote chora alama kwa rangi ya kucha.

Maswali ya waendeshaji

*Shikamoo fundi. Naenda kazini kutoka Makorora, goti linauma kwa mbele, chini ya pia. Siti niliishusha ili nipande kwa urahisi na baibui.*

Marahaba mwanangu. Siti ya chini hulikunja goti kupita kiasi, na maumivu ya mbele ndiyo dalili yake ya kawaida. Pandisha kidogo kidogo mpaka kipimo cha kisigino kikubali. Kwa baibui, fremu ya kike isiyo na bomba la juu itakusaidia kuliko kushusha siti. Maumivu yakiendelea nenda hospitali, spana ina mwisho wake. Yangekuwa nyuma ya goti ningekwambia ushushe.

*Nabeba samaki. Nikipanda mwinuko gurudumu la mbele linanyanyuka. Nisogeze siti mbele?*

Sogeza, lakini usitegemee makubwa. Tatizo lako ni tenga kukaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Lisukume mpaka liguse siti, vizito viwe mbele na chini, ndipo utaona tofauti. Mwinuko ukiwa mkali, shuka usukume.

*Pua ya siti yangu inashuka yenyewe kila wiki, hata nikikaza mpaka boliti inalia.*

Meno ya kibano yamelika. Kifungue uyaone: yatakuwa yamelainika upande mmoja. Ukizidi kukaza utakata boliti. Nunua kibano kipya, si siti.

*Nimeletewa viatu vya kunasa kwenye pedeli. Kile chuma cha chini nikifunge wapi?*

Anza chini ya mzizi wa kidole gumba, kisha kirudishe nyuma milimita chache kuelekea kisigino. Kwa safari ndefu kikiwa nyuma kinapunguza kazi ya kigimbi, msuli wa nyuma ya mguu chini ya goti. Wa kukimbiza mbio fupi wengine hukipenda mbele. Ukikirudisha nyuma mguu umesogea mbele, kwa hiyo shusha siti kidogo. Na jifunze kuchomoa ukiwa umeshika ukuta, kabla ya kuingia barabara ya Pongwe yenye malori.

*Mwanangu ana miaka sita, baiskeli nimemnunulia kubwa ili aikulie.*

Iweke juu ya kabati, bwana, mtafutie ndogo. Anayejifunza anatakiwa kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili akiwa amekaa. Hakuna mahali pa kufunga siti patakapoifupisha fremu.