Mboji ya gugumaji: soma hapa kabla ya kunitumia ujumbe

Wakuu, kila mvua zikikatika naulizwa lile lile: gugumaji la Ziwa Victoria, huku kwetu Mwanza, linafaa kuwa mbolea? Linafaa, ila ukifanya kiholela litahamia shambani kwako.

1. Vuna kabla ya maua. Ua la zambarau likinyauka, kikonyo chake hujipinda kuelekea majini na kumwaga mbegu.

2. Vaa mabuti marefu. Kichocho kipo, mamba naye yupo.

3. Usichukue Mto Mirongo unapoingilia ziwani wala karibu na bomba la kiwanda. Mizizi yake hufyonza risasi na zebaki.

4. Linyaushe. HAPA MSIRUKE. Mmea mama hutoa mkono mrefu unaotambaa juu ya maji, ncha yake inachipua mtoto, mtoto naye anatoa wake. Kukiwa na joto, na mvua ikisomba mbolea za mashambani hadi ziwani, fungu laweza kuwa maradufu kwa wiki mbili hivi. Uhai wote uko kwenye kipande kinene kati ya majani na mizizi. Majani yatakauka karakara, wewe ukaona kazi imekwisha, kumbe ndani bado kubichi. Lundo langu la kwanza lilichipua kwa sababu hiyo. Pasua kila shina, anika mahali pa mwinuko, mbali na maji, geuza. Vunja moja: ndani kukiwa kweupe, rudisha juani. Msianike mchangani pale mwaloni, wimbi moja tu linayarudisha ziwani.

5. Panga tabaka: gugumaji, nyasi kavu au mabua, samadi. Nyunyiza maji, funika.

6. Chomeka fito katikati. Baada ya siku chache ukiichomoa iwe ya moto hadi uiachie, la sivyo mbegu hazifi. Geuza kila wiki, ya pembeni yaingie katikati. Miezi miwili hadi mitatu itanukia udongo.

MASWALI

Mdau, Buswelu: Mkuu, inachukua muda gani?
– Namba 6.

Mdau, Magu: Mimi nimeyamwaga mabichi kwenye jaruba la mpunga, yameanza kuota. Somo lako halifanyi kazi.
– Somo langu limesema umwage mabichi wapi? Yang'oe leo, kabla hayajachanua.

Mdau, Kayenze: Shikamoo mwalimu. Tulisafisha ghuba yote, tukachoma kila kitu. Mbona yamerudi?
– Marahaba dada, swali zuri hili. Mbegu huzama topeni na zinaweza kukaa hata miaka 20. Maji yakipungua, tope likipigwa na jua, zinaota. Halafu mengine huletwa na Mto Kagera, upepo ukayagawa. Rudini ukingoni maji yakishuka, mng'oe miche ikiwa midogo. Na ukiona majani yana makovu madogo ya mviringo, hao ni mbawakawa walioletwa miaka ya 1990 kulishambulia, asili yao Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Msiwapulizie dawa.

Mdau, Igombe: Vile vikonyo virefu tunakausha na kusuka vikapu.
– Safi. Chagueni virefu, mvianike kivulini visikatike. Vipande vinavyobaki nileteeni.

Mdau, Buswelu: Samadi ya kuku inafaa?
– Inafaa, na inapandisha joto haraka. Weka tabaka jembamba.